Nyongo imevimba: wakate sasa hivi au wasubiri ipoe?

Kama umewahi kukaa karibu na mtu anayechuna mbuzi unajua kuna sehemu moja watu wote wananyamaza kidogo. Akishafika kwenye ini anatafuta kale kafuko ka kijani kalikojificha chini yake, anakashika kwa vidole viwili, anakatenganisha taratibu, ikibidi anakata na kipande cha ini chenyewe, alafu anakatupa mbali. Kakipasuka ini lote chungu, na lawama atazibeba mpaka Idi ijayo. Hako ndo mfuko wa nyongo. Binadamu tunao vilevile, umelala chini ya ini upande wa kulia, ini linatengeneza nyongo, mfuko unaitunza, ukila kitu cha mafuta unajikamua kupeleka nyongo kwenye utumbo. Na daktari anayekuja kukutoa wewe huo mfuko anafanya kazi ileile ya mchinjaji, tofauti wewe uko hai na ini bado unalihitaji.

Naandika hii kwa sababu ya shangazi yangu wa Tanga, na kwa sababu mimi mwenyewe nilichangia yaliyomkuta. Mi ni tabibu kwenye kituo cha afya, sio bingwa wa upasuaji, wagonjwa wa tumbo nawaona kila siku. Siku ya pili ya Idi usiku kanipigia simu, shikamoo yangu haijaisha kanikatiza, "mwanangu tumbo linaniua, hapa juu, linapiga mpaka mgongoni." Mchana alikula pilau na nyama ya mafuta. Nikamwambia shangazi hivyo ni vidonda vya tumbo, meza omeprazo, kunywa maziwa ya moto ulale. Maziwa! Yani ndo nilimuongezea mafuta yenyewe. Alikuja kufika hospitali siku ya tatu, homa juu, hawezi kuvuta pumzi vizuri.

Daktari aliyempokea alifanya kitu kimoja ambacho kwenye simu hakiwezekani. Alimlaza chali, akaweka vidole chini ya mbavu za kulia akabonyeza kidogo, akamwambia vuta pumzi ndefu. Shangazi akaanza kuvuta, katikati pumzi ikakata, akashika mkono wa daktari. Ile kukatika pumzi ina jina, inaitwa dalili ya Murphy, kwa jina la daktari mpasuaji wa Chicago wa zamani. Ukivuta pumzi ini linashuka, linaushusha mfuko wa nyongo mpaka unagonga kwenye vidole, kama umevimba huwezi kumaliza kuvuta. Wakampeleka altrasaundi, mawe yapo, ukuta wa mfuko umenenepa, na kuna maji pembeni yake. Jibu limepatikana: uvimbe wa ghafla wa mfuko wa nyongo.

Sasa hapo ndo lilikuja lile neno ambalo wengi wenu mmeshalisikia. "Tumpoze kwanza, arudi baada ya wiki sita tumtoe."

Wakampoza. Dripu, dawa za maumivu, antibiotiki, siku ya kwanza asile kitu. Siku ya tano anatembea mwenyewe mpaka chooni, kapona, karudi nyumbani na tarehe kwenye kadi. Na wiki ya tatu, kabla tarehe haijafika, maumivu yakarudi mabaya kuliko ya kwanza. Tutarudi huko. Kwanza tujue kwanini daktari mwenye akili timamu anamwambia mgonjwa asubiri wiki sita, maana nimeona watu mitandaoni wanatukana madaktari kwa hili, wengine wanasema wanataka hela mara mbili. Sio hivyo. Hadithi ni ndefu kidogo.

Uvimbe wenyewe unaanzaje? Kwa wagonjwa tisa kati ya kumi au zaidi ni jiwe. Mawe ya nyongo yanatengenezeka humohumo ndani ya mfuko, mengi ni ya kolestro, na kwa wenye siko seli ni yale meusi yanayotokana na damu inayovunjikavunjika, kwaiyo hata mtoto wa siko seli anaweza kuwa nayo na watu wakadhani ni maumivu yake ya kawaida tu ya mifupa yamehamia tumboni. Sasa watu wengi wenye mawe hawajui kama wanayo, yanakaa kimya miaka na miaka, na hao hawatakiwi kupasuliwa eti kwa sababu altrasaundi ya ujauzito iliyaona. Wengine jiwe linaziba mlango wa mfuko kidogo alafu linarudi nyuma, unapata maumivu makali baada ya kula, yanakaa lisaa mpaka manne hivi, yanaisha. Lakini jiwe likikwama pale kwenye shingo likagoma kutoka, mfuko unaendelea kujikamua bila njia, unajaa, unanyooka, unavimba, na ndo hapo maumivu yanapita masaa sita, homa inakuja, Murphy inakuja. Wadudu mara nyingi wanakuja baadae, mwanzoni ni uvimbe wa kubanwa tu. Ndo maana antibiotiki peke yake haikutibu, jiwe bado lipo mlangoni au limesogea hatua moja linasubiri pilau lingine.

Kwaiyo tiba ya kweli ni kuutoa mfuko wote na mawe yake. Njia hii ilianza 1882, pale Carl Langenbuch wa Berlin alipoutoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa kwa mara ya kwanza na mgonjwa akaishi. Miaka mia na zaidi ikawa ni kufungua tumbo. Alafu September 1985 mjerumani mwingine, Erich Mühe wa mji wa Böblingen, akautoa kwa kutumia matundu, na alipowaeleza wenzake wakamuona kama anafanya mchezo, heshima yake ilikuja kurudishwa miaka ya tisini. 1987 Philippe Mouret kule Lyon Ufaransa akafanya ya kwake, na baada ya hapo ikasambaa dunia nzima kwa kasi ya ajabu. Matundu kama manne, moja kwenye kitovu, tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili lipae kama hema daktari apate nafasi, kamera inaingia, vifaa virefu vyembamba vinaingia, mrija na mshipa wa damu wa mfuko vinafungwa kwa klipu vinakatwa, mfuko unabanduliwa kwenye ini unatolewa kwa tundu la kitovu. Mgonjwa yuko kwenye nusu kaputi hajui chochote.

Na ugomvi wa muda ulikuja hapohapo. Upasuaji wa matundu ulipokuwa mpya, madaktari wote walikuwa wanajifunza, na mfuko uliovimba unatisha kwenye kamera. Ni mwekundu, umetuna, vifaa haviushiki, unavuja damu, na kitu hatari kuliko vyote kiko sentimita chache tu pembeni, yani mrija mkuu wa nyongo unaotoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Ukiukata huo kwa kudhani ni mrija wa mfuko, umemharibia mtu maisha, anageuka manjano na atahitaji upasuaji mkubwa wa kuunganisha utumbo na ini. Kwaiyo sheria ya wakati ule ikawa: mfuko uliovimba usiuguse kwa kamera, upoze, subiri wiki sita mpaka nane ukae sawa, ndo uingie. Ilikuwa sheria ya busara kwa watu waliokuwa bado wanajifunza. Shida ni kwamba walimu waliwafundisha wanafunzi, wanafunzi wakawa walimu, na sheria ikabaki hata pale sababu yake ilipoondoka.

Alafu watu wakaipima. Hong Kong walikuwa wa mwanzo, 1998 zikatoka tafiti mbili kutoka kule, wagonjwa wakagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wapasuliwe mapema wale wasubiri wiki kadhaa, na wa mapema hawakudhurika zaidi. Uchambuzi wa 2013 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za tiba, ukakusanya tafiti sita za namna hiyo, watu 488, ukakuta ajali za mrija mkuu ni chache pande zote na hazikutofautiana kwa maana ya kitakwimu, na waliolazimika kufunguliwa tumbo katikati ya upasuaji wa matundu ni karibu sawa, kama mmoja kati ya watano kila upande. Yani ile faida yote tuliyokuwa tunaisubiri kwenye wiki sita, kwamba upasuaji utakuwa rahisi, haikuonekana. Kilichoonekana ni kwamba wa mapema walikaa hospitali siku nne pungufu, na karibu mmoja kati ya watano wa waliosubiri hakufika tarehe yake, ugonjwa uligoma kupoa au ulirudi wakapasuliwa kwa dharura.

Mwaka huohuo 2013 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, ulioongozwa na Wajerumani, watu 618. Kundi moja walipasuliwa ndani ya masaa 24 tangu waingie hospitali, kundi la pili wakapewa antibiotiki wakapasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Wa kwanza waliopata matatizo ni asilimia 11.8, waliosubiri asilimia 34.4. Siku za kulala, wastani 5.4 kwa 10. Gharama, yuro 2919 kwa 4262. Mi nikisoma hizo namba namfikiria shangazi na ile michango ya kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, tulichanga mara mbili.

Na kule Ontario, Kanada, walifuatilia wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani bila kupasuliwa baada ya uvimbe wa kwanza. Ndani ya wiki 12 asilimia 19 walikuwa wamerudi na shida ya mawe, ndani ya mwaka asilimia 29. Sasa ukiniuliza mimi, ukimwambia mtu "subiri" unatakiwa umwambie na hii namba, mmoja kati ya watano watarudi kabla ya miezi mitatu, ili anunue hiyo subira akijua bei.

Lakini "mapema" ni lini hasa? Hapa ndo watu wanachanganyana, hata sisi wa vituoni, maana ukisoma karatasi moja inasema masaa 72, nyingine wiki moja, nyingine siku kumi, unajikuta unabishana na mtu kumbe wote mko sawa ila saa zenu zimeanza kuhesabu sehemu tofauti.

Kuna saa inayoanza maumivu yanapoanza. Kuna saa inayoanza unapovuka geti la hospitali. Kuna saa inayoanza jibu linapotoka. Kwa mtu wa Ulaya hizo saa tatu zinatofautiana masaa machache. Kwa shangazi yangu zilitofautiana siku tatu, na kwa mtu wa kijijini anayeanzia duka la dawa, akaenda zahanati, akapewa rufaa, akatafuta nauli, zinaweza kutofautiana wiki nzima. Kwaiyo mtu akikwambia masaa 72 muulize tangu lini.

Masaa 72 yenyewe yalitoka wapi? Kwenye mwili. Siku mbili tatu za kwanza uvimbe ni wa maji. Kuta za mfuko zimenywa maji zimelainika, na haya maji, amini usiamini, yanamsaidia mpasuaji kwa sababu yanatenganisha tabaka, anapita katikati yake kama unavyobandua ngozi ya kuku aliyechemshwa. Baada ya hapo sehemu za ukuta zinaanza kufa kwa kukosa damu, na kuanzia karibu wiki ya kwanza kwenda mbele usaha na kushikana kunaingia. Mafuta ya tumboni, utumbo, kila kilicho jirani kinakuja kujibandika pale kuzuia, ndo kazi ya mwili hiyo, na sasa mpasuaji hana tabaka tena, ana bonge. Mwenye kujenga atanielewa, plasta ikiwa mbichi unaikwangua kwa mwiko, ikishashika ndo unaleta nyundo. Na nyundo karibu na mrija mkuu wa nyongo hutaki.

Kwa mahesabu hayo masaa 72 tangu maumivu yaanze yakawa kama ukuta, ukipita umechelewa subiri wiki sita. Madaktari wa Lausanne Uswisi wakaujaribu ukuta wenyewe. Walichukua watu 86 ambao maumivu yao yameshapita masaa 72, nusu wakapasuliwa palepale nusu wakasubirishwa, matokeo ya 2016: matatizo asilimia 14 kwa waliopasuliwa, 39 kwa waliosubiri. Ukuta ukaanguka. Mwongozo wa Tokyo wa 2018, ambao wapasuaji wengi wanaufuata, haubani tena kwenye masaa 72, unasema kama mgonjwa anaweza kuvumilia upasuaji apasuliwe mapema bila kujali masaa mangapi yamepita. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao inayotoa miongozo ya matibabu, tangu 2014 unasema ndani ya wiki moja tangu jibu litoke. Chama cha kimataifa cha wapasuaji wa dharura kwenye mwongozo wa 2020 kinasema ndani ya siku 7 tangu kulazwa na siku 10 tangu maumivu yaanze.

Na mwongozo huohuo unasema kitu cha pili ambacho kinamtetea yule daktari wa shangazi. Kama haiwezekani ndani ya siku kumi, basi usimguse mpaka zipite wiki sita. Unaona sasa? Kuna milango miwili. Wa kwanza uko wazi siku za mwanzo. Wa pili unafunguka baada ya wiki sita, bonge likishalainika. Katikati yake ndo pabaya, na ukilazimika kuingia hapo katikati utaingia kwa sababu mgonjwa amezidiwa, hujachagua.

Kwaiyo "wiki sita" sio uongo. Ni mlango wa pili. Swali la kumuuliza daktari, kwa adabu zote, ni hivi: "Daktari samahani, mlango wa kwanza tumeukosa kwa sababu gani?" Jibu linaweza kuwa la haki kabisa. Amekuja siku ya kumi na mbili. Ana moyo unaofeli anahitaji kuwekwa sawa. Anakunywa dawa za kuyeyusha damu. Hospitali haina mashine, au mashine ipo bingwa yuko safari, au anayejua kufanya nyongo iliyovimba ni mmoja na leo yuko zamu hospitali nyingine. Hizo ni sababu. "Ndo utaratibu wetu" sio sababu, hapo omba rufaa siku hiyohiyo, usisubiri kuruhusiwa, maana saa inatembea.

Niseme wazi pia, mapema sio saa nane usiku na nesi mmoja aliyechoka. Mgonjwa ambaye hajazidiwa anaweza kulazwa, akapewa dripu na dawa za maumivu, akapimwa damu, na kesho asubuhi timu ikiwa kamili akaingia. Masaa kumi na mbili hayaharibu kitu, wiki tatu ndo zinaharibu.

Wengi wananiuliza kuhusu wazee na wenye sukari, "huyu si dhaifu, si bora tusimguse?" Kwa sukari ni kinyume, mfuko wao unaoza haraka na wakati mwingine maumivu hayaonekani makali, usidanganyike. Kwa wale dhaifu kweli kulikuwa na mtindo wa kuchoma mrija kupitia ngozi mpaka kwenye mfuko kutoa usaha, bila kupasua, ikionekana ni salama zaidi. Waholanzi wakaulinganisha na upasuaji wa matundu kwa wagonjwa 142 wa hali ya juu ya hatari, wakatoa majibu 2018: matatizo makubwa asilimia 12 kwa waliopasuliwa na 65 kwa waliowekewa mrija, utafiti ukasimamishwa kabla ya kuisha. Mrija bado una kazi yake, kuna mtu ambaye hata nusu kaputi haiwezi kumpitia, ila sio njia ya kukwepa kazi. Mjamzito naye asiambiwe tu asubiri ajifungue, inategemea miezi, ile mitatu ya katikati ndo inapendwa zaidi, aongee na bingwa.

Na kama jiwe limeshuka likagusa kongosho, hilo ni suala la jirani lakini jibu linafanana. Kongosho likiwa limewaka kidogo tu na limetulia, mfuko utolewe kabla mgonjwa hajatoka wodini. Waholanzi tena, 2015, waliotolewa kabla ya kuruhusiwa asilimia 5 ndo walirudi na balaa la mawe, walioambiwa warudi baadae 17.

Alafu kuna wale wanaotaka kutoa mawe kwa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu kikombe kizima usiku, asubuhi unatoa "mawe" ya kijani yanaelea chooni. Ndugu zangu, hiyo ni sabuni. Mafuta yamemeng'enywa tumboni, yakakutana na maji ya ndimu, vikatengeneza vidonge laini. Nina mgonjwa aliniletea kwenye kopo la siagi, tukavibonyeza kwa kidole vikapondeka, altrasaundi ya wiki hiyohiyo mawe yake yako palepale. Na kwa mtu ambaye mfuko umeshavimba, kikombe cha mafuta ni kama nilichomfanyia shangazi na maziwa.

Basi shangazi wiki ya tatu. Sikuwa na ujanja, nilimfuata mwenyewe Tanga, tukampeleka hospitali kubwa zaidi. Bingwa wa kule alipoangalia picha mpya akatuita mimi na binamu yangu, akasema tuko katikati ya milango, kupoza tumejaribu siku tatu homa haishuki, naingia. Akaanza na matundu. Tulikaa nje kwenye lile benchi la chuma, saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, nesi akatoka akasema daktari ameamua kufungua, kila kitu kimeshikana haoni mrija vizuri. Binamu yangu akaanza kulia akidhani wameshindwa. Nikamwambia hapana, huyu ni daktari mzuri. Anayelazimisha kwa kamera wakati haoni ndo wa kuogopa. Kuna kanuni wanafundishwa tangu miaka ya tisini, kwamba usikate kitu chochote mpaka uone wazi vitu viwili tu vinaingia kwenye mfuko na sehemu ya chini ya mfuko imebanduka kwenye ini, usipoona, fungua, au toa kipande cha juu cha mfuko na mawe uache shingo. Alichofanya ndo hicho cha mwisho, aliacha kishingo kidogo akakishona. Alilala siku nane.

Kituoni kwetu kuna nesi mwenzangu, yeye alipatwa mwaka uliofuata, nikamsindikiza mwenyewe usiku uleule, maana nilishajifunza. Kesho yake saa nne asubuhi kaingia, siku ya pili yuko nyumbani, wiki mbili yuko kazini anachoma sindano za watoto. Kitu pekee kilichomtisha ni bega, siku ya kwanza bega la kulia lilimuuma kuliko tumbo, akanipigia anasema moyo. Ni ile gesi, inakera kiwambo cha chini ya mapafu na ubongo unasoma ni bega, inaisha yenyewe. Watu wawili sio utafiti, najua, ndo maana nimewapa namba za mamia.

Watu wanauliza, bila mfuko utaishije? Ini linaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida, inadondoka kwenye utumbo polepole badala ya kutunzwa. Wengine wanaharisha kidogo wiki za mwanzo wakila mafuta mengi, wengi hawaoni tofauti.

Shangazi alipewa mawe yake kwenye kichupa, nesi alimuuliza kama anayataka akasema ndio, ni ya kwake. Kumi na moja, ya kahawia, moja kubwa kama punje ya mahindi na mengine madogo yenye pembe. Anayaweka kwenye kabati la vyombo, mgeni akija na habari za tumbo anayatoa anayamwaga kwenye kisahani, anaonyesha lile kubwa. "Hili ndo lilikuwa mlangoni," anasema, "na huyu tabibu wetu akanipa maziwa."